Dakika Mbili Kizimbani: Sheria na Adhabu za Hoki ya Barafu

Katika hoki ya barafu mkosaji hulipa kwa muda. Hakuna kadi ya njano wala nyekundu. Filimbi ikilia na mwamuzi akamwonyesha kidole, mchezaji huteleza hadi ukingoni, huingia kwenye kizimba chenye benchi na ukuta wa kioo, na kuketi humo mbele ya maelfu ya watazamaji mpaka dakika zake zitimie. Wakati huo wenzake wanacheza pungufu, na wapinzani wanaujua upungufu huo na kuushambulia. Hapo ndipo ukali wa mchezo huu ulipo: kosa ni la mmoja, deni ni la wote, na saa ya uwanjani ndiyo inayolidai.

Ligi kubwa kuliko zote za kulipwa ni NHL, iliyoanzishwa Montreal, Kanada, mwaka 1917. Leo ina timu 32 kutoka Kanada na Marekani. Sheria zake hazikuandikwa kwa mara moja. Nyingi zilifuata tukio fulani: mtu aliumia, timu fulani ilikuwa na ujanja uliopitiliza, au watazamaji walichoshwa na mchezo usio na mabao.

Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na kona zake zimeviringwa kama za sinia la mstatili. Umezungukwa na ukuta unaofika juu kidogo ya kiuno cha mtu mzima, na juu ya ukuta huo kuna kioo kigumu kinachowakinga watazamaji. Kwa sababu ya ukuta, hakuna mpira wa kurusha kama katika soka. Kinachogonga ukutani hurudi mchezoni. Mstari mwekundu huugawa uwanja nusu kwa nusu, na mistari miwili ya bluu huugawa katika maeneo matatu: la kulinda, la kati na la kushambulia. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Halikuegemezwa ukutani. Limesogezwa mbele zaidi ya mita tatu, hivyo wachezaji huweza kupita nyuma yake na kupikia mabao huko, jambo ambalo mpenzi wa soka huhitaji siku kadhaa kulizoea.

Kinachochezwa ni kisahani cha mpira mgumu mweusi chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Kabla ya mechi visahani hugandishwa kwenye friji ili visidunde. Mkwaju wa mtu mwenye nguvu huweza kukipeleka kisahani kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa, na hiyo ndiyo sababu kipa huvaa mavazi mazito kama ya vita.

Kila timu huwa na watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Kuteleza kwa kasi kunachosha mno, kwa hiyo mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja kisha hutoka na mwingine huingia, tena mchezo ukiwa unaendelea. Hapo ndipo makosa ya kizembe hutokea. Wakionekana watu wengi kuliko idadi inayoruhusiwa, timu hupata adhabu ya dakika mbili, na kocha huchagua nani aende kuitumikia.

Mechi ina ngwe tatu za dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Matokeo yakiwa sare katika msimu wa kawaida, huchezwa dakika tano za nyongeza, watatu kwa watatu ukiacha makipa, na atakayefunga kwanza ameshinda. Bao lisipopatikana huja mikwaju ya penalti. Mshindi huchukua pointi mbili. Aliyeshindwa katika nyongeza au kwenye mikwaju huambulia moja. Katika mtoano wa kuwania Kombe la Stanley hakuna mikwaju kabisa. Huchezwa ngwe nyingine kamili ya dakika 20, na nyingine, na nyingine, mpaka kisahani kiingie. Machi 1936 Detroit Red Wings na Montreal Maroons walifika nyongeza ya sita. Mud Bruneteau wa Detroit ndiye aliyefunga bao pekee la mechi hiyo, baada ya zaidi ya dakika 116 za nyongeza.

Mechi huchezeshwa na watu wanne. Wawili wenye utepe wa rangi ya chungwa mkononi ndio waamuzi wakuu, na adhabu ni kazi yao. Wengine wawili huangalia mistari, na ndio pia huingia kati kuwatenganisha wanaopigana.

Sheria mbili husimamisha mchezo mara nyingi kuliko nyingine, na hazina adhabu ya kizimbani. Ya kwanza ni kuotea. Katika soka beki wa mwisho ndiye kipimo. Katika hoki kipimo ni mstari wa bluu. Mshambuliaji haruhusiwi kuwa ameuvuka mstari huo kwa miguu yote miwili kabla ya kisahani. Kisahani kikishaingia, anaweza kusimama popote apendapo, hata mbele ya pua ya kipa. Lakini kikitolewa nje ya eneo hilo, washambuliaji wote lazima watoke kwanza ndipo waanze upya.

Historia ya sheria hii inafurahisha. Zamani pasi ya mbele ilikuwa marufuku, na wachezaji walipasiana nyuma au ubavuni kama katika raga. NHL iliruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati mwaka 1918, kisha ikaendelea kulegeza kidogo kidogo. Mabao yalibaki haba: msimu wa 1928-29 kipa George Hainsworth wa Montreal Canadiens alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa. Msimu uliofuata pasi ya mbele iliruhusiwa uwanja mzima, na mabao yakafurika, kwa kuwa washambuliaji walikwenda kujikita mbele ya goli na kusubiri kuletewa. Haikufika hata nusu ya msimu. Desemba 1929 ligi ikaweka kanuni kwamba hakuna kukitangulia kisahani kwenye mstari wa bluu, na kanuni hiyo ndiyo msingi wa kuotea kwa leo.

Ya pili ni kubutua. Timu iliyobanwa ikikipiga kisahani kutoka nusu yake kikavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa na mtu, mchezo husimama na kisahani hurudishwa karibu na goli la waliobutua, ambako wachezaji wawili hukigombea upya. Tangu 2005 wabutuaji hawaruhusiwi kubadilisha wachezaji wakati huo, hivyo watu waliokuwa wakitafuta pumzi hulazimika kuendelea wakihema. Kwa miaka mingi filimbi haikulia mpaka mlinzi akiguse kisahani kwanza, na mbio za watu wawili kuelekea ukutani ziliwahi kuwavunja wachezaji miguu. Kuanzia msimu wa 2013-14 mwamuzi wa mstari huamua mapema nani ametangulia, kabla hawajaufikia ukuta. Timu inayocheza pungufu kwa adhabu inaruhusiwa kubutua itakavyo. Ndiyo nafuu pekee inayopewa.

Kugusana miili ni sehemu halali ya mchezo. Mwenye kisahani anaweza kupigwa kikumbo cha bega au nyonga, hata akaanguka, na mwamuzi asiseme neno. Uhalali huo una mipaka. Anayepigwa awe na kisahani au awe amekiachia punde tu. Mpigaji asije kwa mbio za mbali wala asiruke. Asimpige mtu mgongoni, asimbamize ukutani akiwa hawezi kujikinga, na asilenge kichwa. Mipaka hii ikivukwa, kizimba kinasubiri.

Adhabu ndogo ni dakika mbili. Makosa yake ni mengi na mengi ni ya gongo, yaani fimbo ya kuchezea kisahani: kumnasa mtu kwa ncha yake, kumchapa nalo mikononi, kumsukuma kwa gongo lililoshikwa kwa mikono miwili, kumpiga nalo juu ya mabega. Mengine ni ya mwili: kupiga mtama, kumshika mtu, kumzuia asiye na kisahani. Lipo pia lisiloonekana kuwa kosa kwa mgeni: mchezaji aliye katika eneo lake la kulinda akikirusha kisahani kikapita juu ya kioo hadi kwa watazamaji, hata kama mkono umeteleza, ni dakika mbili. Na gongo likivunjika mkononi lazima liachwe papo hapo. Anayeendelea kucheza na kipande hutumikia dakika mbili vilevile, isipokuwa kipa.

Gongo likimpiga mtu usoni na kumjeruhi, adhabu huongezwa maradufu kuwa dakika nne. Ndiyo maana mchezaji aliyepigwa huonekana akipapasa mdomo kutafuta damu, na mwamuzi naye huinama kutazama.

Kinachofuata adhabu ndogo ndicho kiini cha mchezo. Watano wanawashambulia wanne, ukiacha makipa. Bao likifungwa kabla ya dakika mbili kwisha, aliye kizimbani huachiliwa na timu hurudi kamili. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi katikati ya miaka ya 1950 adhabu ilitumikiwa yote, mabao yaingie mangapi. Novemba 5, 1955, Boston Bruins wakiwa na watu wawili kizimbani, Jean Béliveau wa Montreal Canadiens alifunga mabao matatu kwa sekunde 44. Timu ile ilikuwa na wafungaji hatari kiasi kwamba kosa moja dogo liliweza kuimaliza mechi. Kuanzia msimu wa 1956-57 ligi ikaamua kwamba bao moja linatosha kulipa deni la adhabu ndogo. Ni nadra katika michezo kukuta sheria iliyobadilishwa kwa sababu kikosi kimoja kilikuwa bora mno, na heshima ya Canadiens wale imo ndani ya kanuni hiyo hadi leo.

Adhabu huweza kupandana. Wawili wakiwa kizimbani, timu hubaki na watatu mbele ya kipa, na haipunguzwi zaidi ya hapo. Wa tatu akikosa, huingia kizimbani lakini nafasi yake hujazwa, na dakika zake husubiri mmoja wa waliomtangulia atoke. Katika nyongeza ya watatu kwa watatu hesabu hugeuka: kwa kuwa hakuna wa kupunguzwa, wapinzani ndio huongezewa mtu wa nne. Wachezaji wawili, mmoja wa kila timu, wakikosa pamoja kwa adhabu ndogo, wote huenda kizimbani na mchezo huwa wanne kwa wanne. Kipa hapelekwi kizimbani kwa adhabu ndogo. Mwenzake aliyekuwa uwanjani huitumikia badala yake.

Mwamuzi akiona kosa wakati timu iliyokosewa ndiyo yenye kisahani, hapulizi filimbi mara moja. Huinua mkono juu na kusubiri mpaka wakosaji wakishike. Timu iliyokosewa hujua kwamba haiwezi kushambuliwa wakati huo, hivyo kipa wake hukimbilia benchi na mshambuliaji wa sita huingia. Ukiona kipa anaacha goli wazi katikati ya mechi, tazama mkono wa mwamuzi.

Adhabu kubwa ni dakika tano, na bao haliikatizi. Wapinzani wakifunga matatu, mkosaji bado amekaa. Hutolewa kwa makosa yaleyale yakifanywa kwa ukatili au yakimuumiza mtu vibaya. Kwa utovu wa nidhamu, kama vile kumtukana mwamuzi, mchezaji hupewa dakika 10; hapo timu haipungui, kwani mwingine huchukua nafasi yake, ila mwenyewe huketi na hasira zake. Hatua inayofuata ni kutolewa mechi nzima. Ya juu kabisa ni kwa aliyekusudia kumjeruhi mwenzake: hufukuzwa, timu yake hucheza pungufu dakika tano, naye hubaki amefungiwa mpaka ligi iamue shauri lake.

Penalti ipo pia, ingawa ni adimu. Mchezaji aliyekuwa anakwenda kuonana na kipa peke yake akiangushwa kwa nyuma, huwekewa kisahani katikati ya uwanja, nao wengine wote husimama kando. Huanza kuteleza, kipa akimsubiri. Kisahani kikianza safari hakiruhusiwi kurudi nyuma.

Kuhusu mabao yenyewe, bao la kusukumwa kwa teke dhahiri halikubaliwi, wala la gongo lililoinuliwa juu ya mwamba wa goli. Picha za video hukaguliwa katika chumba cha ligi kilichoko Toronto. Mzozo mkubwa kuliko yote ulizuka Juni 1999, Brett Hull wa Dallas Stars alipofunga bao la ubingwa dhidi ya Buffalo Sabres katika nyongeza ya tatu. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya eneo la bluu la kipa lililo mbele ya goli, na msimu huo mabao mengi yalikuwa yamekataliwa kwa sababu hiyohiyo. Ligi ilisema Hull alikuwa tayari anakimiliki kisahani, kwa hiyo bao ni halali. Msimu uliofuata sheria ya kukataza mguu ndani ya eneo hilo iliondolewa, na mwamuzi akaachiwa kupima kama kipa amezuiwa kweli. Watu wa Buffalo hawajalisahau bao hilo.

Sasa ngumi. Anayetazama hoki ya NHL kwa mara ya kwanza hudhani kupigana kunaruhusiwa, kwa sababu waamuzi husimama kando huku watu wazima wawili wakivua glavu na kushikana fulana. Hakuruhusiwi. Tangu 1922 ngumi ni kosa la dakika tano. Ila wapiganaji hawafukuzwi moja kwa moja, na kwa kuwa huadhibiwa wote wawili, hakuna timu inayobaki pungufu. Deni linafutana. Kwa muda mrefu wakuu wa mchezo walitetea hali hii kwa kusema kwamba hofu ya ngumi huwazuia wengine kutumia magongo vibaya, na kila timu ilikuwa na mbabe wake aliyelipwa hasa kwa kazi hiyo. Msimu wa 1974-75 Dave Schultz wa Philadelphia Flyers alikusanya dakika 472 za adhabu, sawa na kukaa kizimbani karibu mechi nane kamili. Timu yake ilichukua Kombe la Stanley mwaka huo kwa mara ya pili mfululizo, na wengi wakaona ubabe unalipa.

Ligi ilijibu kwa kukaza kidogo kidogo. Mwaka 1971 iliamua kwamba mtu wa tatu anayejitosa katika ugomvi wa wawili anafukuzwa mechi. Mwaka 1992 aliyeanzisha ugomvi akaongezewa adhabu yake peke yake, ikiwemo ile ya dakika mbili inayoiacha timu pungufu. Anayekuwa wa kwanza kutoka benchi kwenda kupigana hufungiwa mechi 10. Hata hivyo Machi 5, 2004, Flyers na Ottawa Senators waliandikiwa jumla ya dakika 419 za adhabu katika mechi moja, na rekodi hiyo haijavunjwa.

Kilichobadilisha mawazo zaidi ni vichwa vya wachezaji. Mwaka 2011 Derek Boogaard, mmoja wa wababe waliogopwa kuliko wote, alifariki akiwa na miaka 28, na uchunguzi wa ubongo wake ukaonyesha maradhi yanayoambatana na kupigwa kichwani mara kwa mara. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuizungumzia ngumi kama burudani. Mapigano yamepungua sana, na timu nyingi hazina tena nafasi ya mtu asiyejua kitu kingine.

Katika mashindano ya shirikisho la kimataifa na Olimpiki hakuna uvumilivu huo: anayepigana hutolewa nje. Sheria za shirikisho hilo zinaihusu pia Kenya, iliyojiunga nalo mwaka 2024. Mchezo ulianzia huko kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, ambako timu ya Ice Lions ilikua.

Vikumbo vya kichwani vilipata sheria yake baada ya Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh Penguins alipompiga Marc Savard wa Boston Bruins kwa bega na kumwacha na jeraha la ubongo. Cooke hakuadhibiwa, kwa sababu hapakuwa na kifungu kilichovunjwa. Msimu uliofuata kifungu kilikuwepo. Mwaka 2011 ligi ikaunda idara maalumu ya usalama wa wachezaji, ambayo hupitia matukio baada ya mechi na kutoa video inayoeleza kosa liko wapi na kwa nini adhabu ni ya kiasi hicho. Uwazi huo ni hatua kubwa mbele. Zamani hukumu ilitoka kwa mtu mmoja: mwaka 1955 rais wa ligi, Clarence Campbell, alimfungia Maurice Richard, kipenzi cha Montreal, mechi zote zilizobaki pamoja na mtoano, kwa kumpiga mpinzani kwa gongo na kumpiga mwamuzi ngumi. Campbell alipojitokeza uwanjani Machi 17 fujo ziliwaka, maduka ya jiji yakavunjwa, na mechi haikumalizika.

Idara ya usalama wa wachezaji hutazama pia historia ya mtu. Mwaka 2015 Raffi Torres wa San Jose Sharks, aliyekuwa na mlolongo wa makosa, alifungiwa mechi 41, nusu ya msimu mzima. Mara chache shauri limevuka mipaka ya ligi. Februari 2000 Marty McSorley wa Boston alimpiga Donald Brashear wa Vancouver Canucks kichwani kwa gongo. Mahakama ya British Columbia ilimtia hatiani kwa shambulio kwa kutumia silaha, ligi ikamfungia mwaka mzima, na hakucheza tena NHL.

Mchezaji aliyefungiwa halipwi kwa muda huo. Makato hukokotolewa kwa siku kwa anayekosea mara ya kwanza, na kwa idadi ya mechi kwa aliyezoea makosa, hesabu ambayo humuumiza zaidi. Fedha hizo hupelekwa kwenye mfuko wa dharura wa kuwasaidia wachezaji wenye shida.